Pata Potea ya Matuta

Jumatatu, 4 Oktoba 1976

Balaa! Mwalimu Onesmo ametangaza mstarini kwamba kila mwanafunzi wa darasa la sita atalima matuta matano ya mihogo kabla ya Ijumaa jioni. Mvua za vuli hazimsubiri mtu, amesema. Jumamosi lori la kijiji litaipeleka timu yetu, wote wa darasa hili, ikacheze Kisarawe, na darasa zima litakwenda kushangilia. Asiyemaliza matuta hapandi. Hakuna cha mgonjwa, hakuna cha mtoto wa mwenyekiti.

Mpira haunihusu. Kaka yangu Abeid ndiye kipa, na mpaka leo sijui kwa nini yeye peke yake anaruhusiwa kushika. Lakini Kisarawe lazima nifike. Bibi Mwanakheri anakaa nyuma ya uwanja. Tangu tuhamie hapa Gwata katika kijiji cha ujamaa, mwaka wa pili sasa, sijamtia machoni. Macho yake yeye yamepungua nguvu. Ana barua tatu za Mjomba Zahoro kutoka Tanga, na hajafungua hata moja. Muuza mkaa ametuletea salamu: Bibi amekataa katakata kusomewa na mtu mwingine. Anamsubiri Zubeda.

Zubeda ni mimi.

Shida ni jembe. Tuta moja hunichukua mchana mzima, na likiisha linafanana na kaburi la mbuzi. Sikudhani, anayekaa dawati moja nami, amesema hivyo mbele ya wavulana. Wamecheka mpaka wakakaa chini. Jibu zuri lilinijia nikiwa njiani kurudi nyumbani.

Jumanne, 5 Oktoba

Nimepata! Mimi ndiye mtunzaji wa kabati la vitabu. Chini kabisa, chini ya vitabu vya msaada, kumetandikwa gazeti la Kiingereza la zamani. Ukurasa mmoja umejaa majina ya timu, na pembeni 1, X na 2. Nimekaa na kamusi saa nzima. Huko Ulaya watu wanabashiri mpira kwenye karatasi!

Ni rahisi. Ukiandika 1, unasema mwenyeji atashinda. Ukiandika 2, mgeni atashinda. X ni sare. Watu hugawanyika: huyu anataka hiki, yule kile. Wengi hukosea, na mwenye karatasi hubaki akitabasamu. Mwenye karatasi nitakuwa mimi.

Fedha hapana. Baba angenichinja. Dau litakuwa matuta. Ukipatia, nakulimia. Ukikosea, unanilimia. Bila senti kuguswa si kamari, nadhani. Sikumwuliza Maalim wa madrasa, asije akawa na jibu.

Mchana darasa la tano walicheza na darasa la sita. Nikamnong'oneza Mwamini, naye akawanong'oneza wenzake kwa sauti ya kuuza samaki. Watatu, Mwamini akiwemo, wakaweka tuta moja moja. Wawili walisema la sita watashinda, mmoja la tano. Hakuna aliyetaka X. Mwamini alisema sare ni matokeo ya watu wasio na msimamo.

Moja kwa moja! Sare!

Jioni hiyo hiyo wote watatu wakanilimia, wakinung'unika. Matuta yamenyooka kama rula. Yamebaki mawili tu. Mtu mwenye akili timamu angechukua jembe akamaliza. Mimi nimechukua kalamu.

Jumatano, 6 Oktoba

Asubuhi. Leo shule ya Zegereni inakuja kucheza hapa. Zegereni wametufunga mara tatu mfululizo. Abeid mwenyewe huwa halali vizuri siku wakija.

Nimeongeza aina za ubashiri, kwa faida ya wanaoanza. Kwanza, idadi ya mabao: yatazidi mawili au hayatazidi? Hapa huna haja ya kujali nani kashinda, unahesabu tu. Pili, kufungana: je, kila upande utapata bao? Tatu, mapumziko: hali itakuwaje kipindi cha kwanza kikiisha? Nne, ninayoipenda zaidi, mkufu. Unaunganisha bashiri kadhaa pamoja. Kila pete ikipatia, dau linaongezeka mara mbili. Pete moja ikikatika, mkufu wote umekwenda. Gazeti linaonyesha kwamba mkufu ndio unaomtajirisha mwenye karatasi. Watu huupenda kwa sababu hawajui hesabu.

Saa nne wachezaji wamejipanga mbele ya kabati. Wote kumi na mmoja. Kila mmoja ameweka matuta yake yote matano, na wote wameandika 1. Nikauliza kwa upole kama hakuna anayependa X, au hata 2, maana ndivyo inavyotakiwa. Nahodha Saburi akanitazama kama nimemtukania mama yake. Akaniuliza, dada Zubeda, unataka tujibashirie kufungwa, kwetu, mbele ya wazazi? Huo si usaliti?

Nikaandika majina yao. Mtu mwenye haya hawezi kuufukuza mstari mzima. Tena nikapiga hesabu: Zegereni wakishinda kama kawaida yao, nitapata matuta hamsini na matano! Mawili yangu, mengine nitayagawa kama mfalme. Hata Abeid ameweka. Amesema anaweka ili kuniunga mkono mdogo wake, na akanipiga kichwani na kamusi yangu.

Wa mwisho alikuja Sikudhani. Tuta moja tu, kwa mkufu wa pete nne: sare mapumziko, sisi tushinde, timu zote zipate bao, mabao yazidi mawili. Nikamwonea huruma. Nikamweleza kwamba mkufu kama huo huwa haupatikani. Akasema, we andika tu, shoga, huruma yako itakufaa kesho.

Jioni. Siwezi kuandika vizuri.

Gazeti halikusema jambo moja. Mtu mwenye matuta matano shingoni hachezi kama mtu wa kawaida. Sijawahi kuwaona wale wavulana wakikimbia hivyo! Saburi, ambaye hutembea hata akichelewa shule, alikimbia mpaka akapoteza kiatu na hakurudi kukichukua. Mapumziko, moja kwa moja. Sikudhani akanipungia mkono kutoka ng'ambo ya uwanja. Kipindi cha pili nilijikuta, Mungu anisamehe, nikiwaombea Zegereni kimoyomoyo. Mshambuliaji wao akabaki na Abeid peke yake. Kaka yangu akaruka kama paka aliyemwagiwa maji, akaudaka. Uwanja mzima ulipiga kelele. Mimi nilifunga macho.

Dakika za mwisho Saburi akafunga. Mbili kwa moja.

Hamsini na tano kwa timu. Kumi na sita kwa mkufu wa Sikudhani. Sabini na moja. Na mawili yangu.

Alhamisi, 7 Oktoba

Nimelima kuanzia alfajiri, nikalima wakati wa chai, nikalima baada ya masomo. Matuta manne. Malengelenge tisa.

Wachezaji walikuja kutazama kazi, mikono mifukoni. Saburi alishauri niiname zaidi. Sikudhani amekaa kwenye kivuli cha mkorosho akila muhogo wa kuchoma. Ameniambia ana matuta kumi na moja ya ziada na hajui ayaweke wapi, labda atayatoa mahari ya mdogo wake.

Abeid alikuja mwisho. Nilidhani atanicheka. Akakaa kwenye ukingo wa tuta, akaniuliza polepole: kwa hiyo jana, mimi nilipokuwa nagaragara mavumbini, wewe dada yangu ulitaka nifungwe? Nikasema hapana, mabao mawili tu. Akacheka mpaka akalala juu ya tuta nililotoka kulimaliza. Imebidi nilinyanyue upya.

Kisha msiba mwingine. Mwalimu Onesmo amepita, akaokota karatasi yangu iliyodondoka. Majina kumi na mawili, na mbele ya kila jina idadi ya matuta. Nilijua nimekwisha. Akaisoma mara mbili. Akavua miwani. Akaliita darasa lote, akasema kwa sauti iliyojaa machozi kwamba tumtazame Zubeda: amejiandikia orodha ya wenzake ili awalimie, wachezaji wapate kupumzika! Huu, alisema, ndio ujamaa wenyewe. Sikudhani alianza kupiga makofi. Wote wakafuata.

Sijawahi kusifiwa hivyo maishani. Niliinamisha kichwa. Waliona ni unyenyekevu.

Lakini nikipiga hesabu, sifiki Kisarawe. Mawili yangu sijayagusa. Nikiyalima mawili yangu kabla ya madeni, mimi ni mwizi. Nikilipa madeni, Bibi atakaa na barua zake mpaka sijui lini. Nimemwona kwa mawazo amezishika mapajani, anazigeuza geuza.

Ijumaa, 8 Oktoba

Asubuhi nilikwenda kwa Sikudhani. Nilikuwa nimeandika maombi yangu kwenye karatasi ili nisikwame. Nikakwama. Akaichukua karatasi akaisoma mwenyewe. Nilikuwa nimeeleza habari za Bibi na zile barua. Akaikunja karatasi mara mbili. Kisha akaniuliza kwa nini sikusema tangu Jumatatu, mjinga mimi. Akasema amenisamehe kumi na tano. Moja ananidai, ili nisije nikasahau alinishinda.

Yakabaki hamsini na moja ya timu.

Baada ya sala ya Ijumaa Mwalimu Onesmo akaja shambani na daftari. Hapo ndipo dunia ilipogeuka. Kumbe yeye haangalii tuta ni la nani! Anaandika aliyeonekana na jembe mkononi. Akasoma: Zubeda, manne kwa macho yake mwenyewe, bado moja. Halafu akaanza wachezaji. Saburi, sifuri. Abeid, sifuri. Sifuri kumi na moja. Akasema Zubeda kuwasaidia wenzake ni heri, lakini wao kukaa wakimtazama msichana akilima ni unyonyaji, tena wa mchana kweupe. Timu nzima haipandi lori.

Bila timu, lori lenyewe litakwenda wapi?

Nilisubiri Saburi aseme ukweli. Angesema tu neno moja, karatasi, ningekwisha. Akasema, shikamoo mwalimu, tumekosa, tupe mpaka magharibi. Abeid akaongeza kwamba dada yao amewadekeza. Hakuna aliyenitaja! Nilitaka kulia, na nililia kidogo, upande.

Basi ukawa msaragambo. Darasa zima lilishika jembe, hata Mwamini na wale wawili wa Jumanne. Sikudhani alianzisha wimbo, maneno yake yote yakihusu kaburi la mbuzi. Mimi nililima tuta lake moja ninalodaiwa, likawa ndilo la tano langu daftarini. Abeid alinilimia mawili yangu bila kuniambia. Nimeyajua kwa sababu analima upande upande, mkono wa kushoto.

Magharibi ilipoadhiniwa, shamba lilikuwa limekwisha. Mwalimu Onesmo alifunga daftari, akasema hajawahi kuona darasa kama hili.

Jumapili, 10 Oktoba

Jana nimefika Kisarawe!

Timu imefungwa tatu bila. Nimeambiwa tu, sikuona hata dakika moja. Lori liliposimama nilikuwa nimeshashuka.

Bibi alikuwa mlangoni. Alinipapasa uso kwa viganja vyote viwili, akasema mke mwenzangu umekonda, huko Gwata wanakulisha karatasi? Akashika malengelenge yangu, akauliza nimekuwa mkulima tangu lini. Nikamwambia ni habari ndefu. Akanipa uji, kisha akatoa barua tatu kutoka chini ya mto. Zilikuwa na harufu ya karafuu.

Niliposhika ya kwanza, akaniwekea mkono. Ngoja, akasema. Nitakwambia kilichomo. Anasema Idd anakuja.

Nikaisoma. Mjomba Zahoro alisema kazi za bandarini nyingi, mguu umepona, Inshallah Idd anakuja. Barua ya mwezi wa pili.

Bibi akasema na ya pili itasema hivyo hivyo. Sasa hapo, kama mtu wa hesabu, nilifikiri. Mtu hawezi kurudia jambo lile lile mara mbili mfululizo, tena miezi minne baadaye. Nikamweleza Bibi kuhusu 1, X na 2. Alielewa haraka kuliko timu nzima. Hakuwa na haja ya dau la fedha. Alisema nikikosea, nitakaa naye wiki moja ya likizo. Yeye akikosea, nachukua kuku.

Ya pili: Idd anakuja.

Nikatetea heshima yangu. Nikapendekeza mkufu kwa barua ya tatu, dau wiki moja, pete mbili: aseme anakuja Idd, na aombe kutumiwa kisamvu kikavu. Bibi akachukua zote mbili bila kusita. Nikamwuliza kama haogopi, maana hii inakaribia kamari. Akasema kumjua mwanawe si kamari.

Ya tatu niliisoma taratibu sana. Mjomba anataka kisamvu kikavu. Idd anakuja. Ni Idd hii iliyopita majuzi, na hakuja.

Bibi hakulia. Alicheka sana, akazirudisha barua chini ya mto, moja moja, akizipiga piga kama mtoto anayelazwa. Kisha akahesabu kwa vidole, mimi namsaidia. Wiki moja, na mkufu wa pete mbili, wiki nne. Jumla tano. Likizo yetu yenyewe ni wiki tano. Lori likapiga honi mara tatu kabla hajaniachia mkono.

Nimelifikiria jambo hili njia nzima. Kosa si la mfumo. Kosa langu lilikuwa kuziweka barua mbili kwa siku moja. Mwezi wa kumi na mbili Mjomba atakuwa ameandika tena, na safari hii nitasema haji, kwa sababu haiwezekani mtu akaahidi mara nne. Nikipatia, deni lote limefutika. Nikikosea, Bibi alishasema tukiagana, nitalipa na likizo ya mwezi wa sita. Nimekubali. Hesabu ziko upande wangu.