Nundu ya Ng'ombe wa Mbaé

Jumatatu, 6 Agosti 1984. Moroni.

Siku kubwa! Moroni imeishinda Mutsamudu. Tena si kwa mpira. Kwa unene!

Daktari Nouriat, binti wa hapa hapa aliyesoma Dakar akarudi na mizani, alikuja bangweni baada ya alasiri. Bangwe ndio uwanja wetu wa kukaa, sisi wanaume tuliokwisha kufanya anda, yaani harusi kuu. Asiyefanya anda akae pembeni huko, hata awe waziri. Binti akatoa karatasi. Amepima wanaume mia wa Moroni na mia wa Mutsamudu. Mtu wa hapa anamzidi mwenzake wa kule kilo kumi na mbili.

Tukapiga makofi! Mzee mmoja akataka isomwe fatiha ya shukrani. Daktari akabaki kakodoa macho. Akasema hiyo si sifa, ni maradhi. Eti sisi tunakaa tu. Eti Julai mpaka Septemba ni harusi juu ya harusi, wali juu ya nyama, na kwenda sokoni tunaita teksi, wakati wenzetu wa Mutsamudu wanapanda ngazi mchana kutwa.

Nikasimama, nikamshukuru kwa niaba ya mji.

Aliyecheka ni mmoja tu. Nani kama si Mikidache? Mwanyumba wangu huyo: mimi nimemwoa Moinafouraha, yeye kamwoa mdogo wake. Sonara kutoka Mutsamudu. Alipofika hapa, miaka ishirini nyuma, ungeweza kumtunga kwenye sindano. Wali wetu ndio uliomfanya mtu. Leo anatucheka, na tumbo linalotingishika ni letu!

(Naandika kwa Kiswahili nilichookota Unguja ujanani, ili Moinafouraha asisome. Kufundishwa kusoma alifundishwa, lakini si hiki.)

Jumanne, 7 Agosti.

Mbaé anafanya anda yake Jumapili. Karudi kutoka Marseille na ng'ombe kumi mfukoni. Ng'ombe wa kwanza, nundu yake hupewa mzee mmoja, mbele ya mji mzima, kwenye sinia peke yake. Katika hirimu yetu wote wamekwisha kuipata isipokuwa wawili. Mimi na Mikidache. Miaka kumi na moja naisubiri nundu! Nimeiota. Inatetemeka, inang'aa, ina chumvi.

Mbaé alikuwa anakuna kichwa, ampe nani. Nikamwambia usijisumbue mwanangu, Alhamisi daktari anapima tena, mizani iamue. Mwenye kilo nyingi achukue nundu. Mikidache akakubali palepale. Akaniambia mbele ya watu: "Mwanyumba, tumbo lako ni upepo. Ukipiga chafya unabaki fito."

Nikaenda kwa mnunuzi wa karafuu, nikakaa kwenye mizani yake. Themanini na moja. Mnunuzi akaniambia Mikidache katoka pale sasa hivi. Themanini na nne.

Msiba!

Jumatano, 8 Agosti.

Nimekula tangu alfajiri. Wali wa nazi, ndizi, maziwa, wali tena. Moinafouraha akauliza hii ni hitima ya nani. Adhuhuri nikarudi kwa mnunuzi wa karafuu. Themanini na mbili! Siku nzima ya kazi, kilo moja! Kunenepa ni jasho, watu hawajui tu.

Basi nikatumia akili. Nikapanda teksi mpaka Ikoni, kwa Djoumoi mvuvi. Wavuvi wa Ikoni huzamisha mishipi yao kwa mawe meusi, mishipi ya maji ya kina. Nikamwomba saba. Nikayashonea foronya, nikajifunga tumboni chini ya kanzu, juu nikavaa joho. Mheshimiwa kamili! Djoumoi akasema ninafanana na mja mzito wa miezi minane. Nikamwambia heshima haina miezi.

Kurudi, kizuizi barabarani. Walinzi wa Rais, na Mzungu wao mmoja mwenye ndevu, katika wale waliokuja na bunduki mwaka 78 wakasahau kuondoka. Natoka kwenye teksi, mawe yakagongana. Ko! Mzungu akanielekezea bunduki. Akadhani nimebeba mabomu, nakwenda kupindua serikali! Mimi, ambaye hata kitanda sijawahi kukipindua.

Nikafunua kanzu. Mlinzi mmoja, Hamidou, kijana wa Vouvouni, akamweleza kwa Kifaransa: mzee huyu kesho anapimwa uzito, anatafuta nundu. Ilibidi aeleze mara tatu. Halafu Mzungu akacheka mpaka akakaa chini. Akainuka, akaenda kando ya barabara, akachagua jiwe moja kubwa, akanitilia foronyani kwa mkono wake.

La nane! Hata wageni wanaichangia heshima ya Moroni.

Alhamisi, 9 Agosti.

Nilitembea kutoka nyumbani mpaka bangweni na mawe yote. Hatua mia tatu. Nilifika ulimi nje.

Mikidache kapanda kwanza. Themanini na tano. Mwizi! Naye kumbe alikuwa anakula. Nikapanda mimi. Daktari akataka nivue joho. Nikasema mtu wa anda havui joho bangweni, mila haziruhusu, na wazee wote wakaniunga mkono. Sindano ikazunguka.

Tisini na tisa!

Mayowe. Makofi. Mzee mmoja alinibusu mkono. Wa kwanza Moroni, kwa hiyo wa kwanza visiwa vyote! Mikidache alikuwa na uso wa mtu aliyemeza mfupa.

Lakini daktari hakupiga makofi. Akanifunga mkono, akanipima presha. Moyo ulikuwa unapiga ngoma. Hatua mia tatu na mawe manane si mchezo. Akanipima tena. Akamwita Mbaé mbele ya wote, akamwambia: "Kaka Mbaé, ukimpa mzee huyu nundu, Jumapili hutaoa. Utazika."

Mbaé akageuka rangi. Akasema hawezi kuanza ndoa kwa maiti. Nundu apewe Mikidache.

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Nimefunga mawe. Ningesema, moyo ungesameheka. Nikautazama mji wote umesimama kwa ajili ya kilo zangu tisini na tisa. Sikuweza. Nikawapungia mkono.

Ijumaa, 10 Agosti.

Wameamua bila mimi. Napelekwa Mutsamudu kwa Loutfia, dada yake Mikidache, mbali na masinia ya harusi. Wazo la nani? La Mikidache, naam. Anasema ni huruma.

Nikamwambia Moinafouraha siendi. Akakaa kitandani akalia. Machozi ya kweli. Akasema miaka arubaini tumeishi pamoja, hataki kufanywa kizuka kwa ajili ya kipande cha mafuta. Nilikaribia kumwonyesha foronya. Wallahi nilikaribia. Lakini nyumba ni yake, kama nyumba zote hapa zilivyo za wanawake, na mawe nimeyaficha chini ya kitanda chake.

Nikafunga mzigo.

Jumapili, 12 Agosti. Mutsamudu.

Boti ilinitapisha. Kilo moja hiyo, niandikiwe.

Nyumba ya Loutfia iko juu ya ngazi tisini na nne. Nimezihesabu, kwa sababu nilizipanda mara sita. Mkate chini. Maji chini. Msikiti chini. Loutfia anakaa juu anakumbuka kimoja kimoja. Nikapumzika katikati, mzee aliyenizidi umri akanipita na gunia la karafuu begani, akanisalimu bila kuhema. Nikamwuliza teksi zinasimama wapi. Akaangalia kichochoro, upana wake mabega mawili, akaniuliza teksi ipite na nani.

Chakula: shelisheli la kuchemsha na samaki wa kuchoma. Nikauliza nyama iko wapi. Loutfia akasema harusini. Nikauliza harusi lini. Mwaka ujao.

Nimekwisha kugundua kwa nini watu wa hapa ni wembamba. Daktari anasema ngazi. Si ngazi. Ni ubahili!

Saa hii Moroni nundu inakatwa. Nimegeuza uso ukutani.

Alhamisi, 23 Agosti.

Daktari Nouriat kafika na mizani yake. Nimepanda bila mawe. Sabini na saba!

Kutoka tisini na tisa. Kilo ishirini na mbili kwa wiki mbili! Wauguzi wa hapa waliacha kazi wakaja kunitazama. Nikawaambia siri ni ngazi, nikawapa na mawaidha. Daktari akapanda mizani mwenyewe, akashuka, akanigusa tumbo kwa kidole. Akasema polepole: "Baba, kwa wiki mbili mtu hupungua tano, hizo najua zimekwenda wapi. Kumi na saba sitauliza, ukiwasimulia watu wa bangweni habari za ngazi."

Binti msomi, tena ana adabu.

Jumapili, 26 Agosti. Moroni.

Nimepokewa kama niliyetoka Makka. Moinafouraha kanizunguka mara mbili, akasema nimerudi bwana harusi. Bangweni nilihutubia saa nzima. Nimeketi, lakini kwa nguvu.

Mikidache kasema nundu ilikuwa laini kama halua, iliyeyuka kabla ya jino. Halafu daktari akampima. Themanini na tisa! Anapelekwa kwa dada yake. Nikamwambia salamu zake ziko ngazi ya sitini, nilimwachia pale.

Sasa sikiliza. Mdogo wake Mbaé anafanya anda yake tarehe 16 Septemba. Kwa ushauri wa daktari, nundu atapewa mzee atakayepungua kilo nyingi kuliko wote. Kupimwa kwanza ni Alhamisi hii. Wazee wanalia. Wanakufa njaa tangu jana, wajinga, wakapande mizani tayari wembamba!

Mimi nimemtumia habari Djoumoi. Safari hii mawe kumi. Na kizuizini nitapitia mwenyewe, kwa miguu. Jiwe la yule Mzungu lilikuwa zito kuliko yote.