Tafadhali Watu Waache Kumwita Mwanangu kwa Jina Lake

Ndugu Mhariri,

Natumaini u mzima na kazi inakwenda. Mimi ni msusi, mama wa mtoto mmoja wa kiume. Ofisi ya vizazi ilikataa kuandika jina lake kwa kuwa baba yake hakuja kutia sahihi, na baba huyo hata sisi tunamtafuta. Nikaenda mahakamani, maana Katiba inasema kila mtoto ana haki ya jina. Wakati ule alikuwa ananyonya. Sasa anavaa viatu mwenyewe, japo anavigeuza, na chekechea wanataka cheti. Jaji bado anaandika hukumu.

Juzi redioni tumekumbushwa kwamba jambo lililo mbele ya jaji lisijadiliwe ovyo. Mimi ni mtiifu, kwa hiyo nawashtaki hawa:

1. Wateja wangu. Mwalimu mmoja alikisoma kile kifungu cha Katiba nikimsuka, na kabla sijafika utosini saluni nzima ilikuwa imeelewa. Huku ni kumvunjia jaji heshima. Naomba watu wa saluni wakatazwe kuelewa haraka.

2. Mama yangu mzazi. Kila asubuhi anamwita mjukuu wake kwa jina lile lile linalobishaniwa, na mtoto anaitika! Wote wawili wanaingilia uhuru wa mahakama. Mimi namwita Kesi. Shangazi yake akiuliza kama amekula, namjibu sina la kusema, jambo liko mahakamani.

3. Jirani yangu muuza mkaa, anayeuliza jaji naye anawajibika kwa nani. Nimemnyamazisha. Mimi nikiharibu kichwa cha mtu nafumua mbele ya wote, lakini jaji si msusi. Hata mkewe asimwulize kachelewa wapi.

4. Katiba yenyewe. Imeandikwa kwa lugha tunayoijua, na hicho ndicho chanzo cha fujo yote. Ifungiwe kabatini kwa jaji, na akina mama tusizae mpaka amalize kuandika.

Wasalimie wachapaji, wauza magazeti, na jaji mkikutana.

Msomaji wako mtiifu,
Mama Kesi

N.B. Sijafunga bahasha, karani wa mahakama kapiga simu: hukumu imeahirishwa tena, sababu hakuna. Chekechea mwisho wa kuandikisha ni Ijumaa. Basi Ndugu Mhariri, ya juu yote futa. Kichapishe kifungu kile ukurasa wa mbele, na chini yake uulize kwa nini hukumu haitoki. Mimi jaji simtukani, na wasomaji wako wasimtukane. Ila wamwulize, na wasichoke kumwuliza. Sare nimeshaishona, kubwa kidogo, akulie humo humo.