Hedifoni Zilizotoboka Mgongoni

Gervas alikuwa amekaa kwenye kreti la soda nje ya duka la simu, jirani na stendi ya Biharamulo, akimsikiliza Mwenyekiti akimfokea mwenye duka. Mtu wa kawaida angesikia kelele. Gervas alisikia mlango unafunguka.

"Za blutuu sizitaki!" Mwenyekiti alikuwa akisema. "Nimeshanunua mbili. Napigiwa shuti, nafungwa, naokota mpira wavuni, ndipo mlio wa shuti unanifikia!"

Yaani sauti inachelewa kama mbegu za msaada, zinazofika watu wakiwa wanavuna.

"Basi chukua hizi za kufunika, Mwenyekiti."

"Hizo zinapika masikio. Nusu saa tu nalowa kama mtu anayejifukiza. Mimi nataka za kukaa nazo nyumbani, nisikilize muziki wangu, nicheze gemu langu, na Yuster asisikie. Amesema tena jana: ama kelele zitoke, ama nitoke mimi."

Mwenyekiti huyu jina lake Emilian, mkuu wa Ushirika wa Mafundi Cherehani Tuinuane. Katika miaka saba ya uongozi wake, kitu pekee kilichoinuliwa kilikuwa nyumba yake.

Gervas aliishia darasa la nne. Elimu iliyobaki aliipata stendi. Aliwahi kumuuzia abiria saa iliyotembea vizuri kabisa mpaka Nyakanazi. Mkewe, Kanyange, fundi cherehani aliyezaliwa Ngara, alikuwa na desturi ya kumpekua mfukoni kila jioni huku akikanyaga cherehani, akimuuliza saa hii ya nani, na hii je. Kanyange alifariki mwaka uliopita. Siku ya kuanua matanga, watu wakiwa bado na rubisi, pombe ya ndizi, mkononi, Emilian alisimama, akatoa pole ya ushirika, sukari kilo mbili, halafu akatoa karatasi. Cherehani ya marehemu, alisema, itakaa chini ya uangalizi wa ushirika mpaka kikao kikae. Gervas, machozi makubwa na herufi ndogo, akabonyeza dole gumba.

Mwaka ukapita. Kikao hakikukaa. Kilichokaa ni televisheni ya Emilian, juu ya cherehani ya Kanyange. Gervas alikwenda kuulizia mara kumi na nne, akajibiwa mara kumi na nne aje wiki ijayo. Walioshika ofisi wana kalenda yao. Ina wiki moja tu, nayo ni ijayo.

Sasa, nyumbani kwa Gervas, chini ya kitanda, kulikuwa na hedifoni. Alizipata Ngara kwa mtaalamu mmoja wa mradi aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Kwa kubadilishana, Gervas alimpa kigoda cha mtemi wa kale, ambacho seremala wake alikuwa bado anadai hela ya vanishi. Kigoda kilisafiri, hedifoni zikabaki, na Gervas alipozijaribu akagundua kwamba ametapeliwa. Zilikuwa zimetoboka mgongoni, wavu mtupu kama chujio la chai. Alizivaa akaweka wimbo. Mwenzake Bukuru, muuza mayai, aliyekaa upande wa pili wa ua, akaanza kutikisa kichwa kufuata ngoma. Gervas alimlaani mtaalamu yule, pamoja na mradi wake, kwa wiki nzima.

Lakini kitu kibovu ni kibovu mpaka apatikane mwenye kukihitaji. Gervas akanyanyuka kwenye kreti.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

Gervas alimzidi Emilian miaka sita, ila shikamoo haina risiti. Emilian akaitikia marahaba bila haya.

"Nimesikia shida yako, Mwenyekiti. Wewe huhitaji hedifoni. Wewe unahitaji hedifoni za kiongozi."

"Zikoje hizo?"

"Kwanza, za waya. Waya haucheleweshi: mtu akipiga shuti, umesikia. Pili, hazina betri, kwa hiyo hazikuzimikii dakika ya tisini. Na mgongoni zina matundu."

"Matundu ya nini?"

Hapo Gervas hakuwa amejiandaa. Akameza mate, akamwomba Mungu uongo, akapewa.

"Ya kupumulia. Masikio hayachemki. Tena sauti haibanwi ndani ya fuvu, inakaa mbali, pande zote, kama umekaa katikati ya kwaya: besi kule, soprano huku. Kwenye lile gemu la vita, adui akinyata nyuma yako kushoto, unajua ni kushoto."

"Na Yuster?"

"Hasikii kitu. Hata akukalie mapajani."

Tumtendee Gervas haki. Alisema mambo matano ya uongo, na manne kati ya hayo yalikuwa kweli tupu, jambo ambalo halikuwahi kumtokea kabla wala baada. Hedifoni zile zilikuwa nzima. Zimetengenezwa vilevile, wazi mgongoni, kwa mtu wa kukaa nyumbani kwake pametulia. Mtu pekee Biharamulo nzima aliyeziona mbovu alikuwa mwenye nazo.

"Unataka nini?" Emilian akauliza.

"Hela yako siitaki, Mwenyekiti. Nipe ile cherehani kuukuu ya marehemu, nikauze chuma chakavu."

Emilian akatabasamu, akaomba kwanza aletewe picha ya hedifoni zenyewe, nayo ikamfikia jioni hiyohiyo.

Kesho yake asubuhi Gervas alifika sebuleni kwa Emilian na hedifoni ndani ya boksi lake. Bukuru alikuja nyuma yake amevaa koti la kuazima, eti ni mfanyabiashara kutoka Rulenge aliyekwisha kuzitolea ahadi.

"Mimi nina ng'ombe mezani," Bukuru akasema.

"Ng'ombe mezani?" Yuster akauliza akiwamiminia chai. "Shemeji Gervas, huyu mgeni wako mzima?"

"Mzima, shemeji. Ni utajiri unamsumbua."

"Basi karibuni. Na ukiwa na kitu cha kuziba mdomo pia, niuzie. Nimeolewa na mwanaume, nikajikuta naishi na uwanja wa mpira."

Akarudi jikoni. Emilian akachomeka waya kwenye kidude chake cha kuchezea, akazivaa hedifoni, akaikabili televisheni. Gemu lilikuwa bado linapakia. Alama ndogo inazunguka kimya kwenye kioo.

Gervas aliamini jambo ambalo kila mnyonge wa nchi hii analiamini: kiongozi akishafunika masikio, sema utakalo.

"Ameingia," akamwambia Bukuru, wala hakunong'ona. "Takataka zimetoboka mgongoni, na yeye anazivaa kama taji."

"Akigundua?"

"Mpaka agundue, cherehani ya Kanyange iko kwangu, na mimi simjui."

Bukuru akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Kidole gumba cha Emilian kilitulia kidogo juu ya kitufe. Halafu gemu likaanza, naye akacheza dakika kumi akisema, "Eee! Eee! Nasikia! Huyu yuko kushoto!" Akazivua, akampa Gervas mkono kwa mikono miwili.

"Nimezipenda, mzee wangu. Njoo saa kumi uchukue cherehani yako. Ngoja niihamishe televisheni na kuifuta vumbi. Marehemu alikuwa msafi."

Gervas aliguswa. Nusura ajute.

Saa kumi cherehani ilikuwa barazani imefunikwa mfuniko wake, kamba imepigwa mizunguko minne. Ilikuwa nzito kama inavyotakiwa. Akaifunga kwenye pikipiki ya kukodi, akaenda nayo polepole akiikumbatia njia nzima. Alipofika, akafungua kamba, akainua mfuniko, ili kichwa cha cherehani kiinuke kutoka tumboni mwa meza kama kilivyokuwa kikiinuka kwa Kanyange.

Hakukuwa na kichwa. Kulikuwa na tofali la bloku, limefungwa vizuri kwa kurasa za katiba ya ushirika. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza katiba ile kutumika.

Gervas hakulala. Asubuhi akalibeba tofali begani, akapita katikati ya watu wa gulio, akamkuta Yuster barazani anachambua maharage. Dirisha la sebule lilikuwa wazi juu ya kichwa chake.

"Shemeji, tofali la nini?"

"La mumeo. Nimelirudisha."

"Shii. Hebu kaa."

Gervas akakaa. Ndani Emilian alikuwa amewapa mgongo, hedifoni kichwani, risasi zinalia. Mwenye kuzivaa kelele zimemjaa, hawezi kumsikia mtu wa barazani. Ila barazani kila kitu kilifika, chembamba lakini safi, kama mbu anayehubiri ndani ya kopo.

"Tangu jana nasikia yote," Yuster akanong'ona. "Yeye anadhani amejifungia. Anacheza na rafiki yake Audax, yuko Mwanza, wanaongea humo humo."

"Mwenyekiti, funika nyuma!" sauti ya mbu ikasema. "Halafu yule mzee wako hajui tu alichokupa? Nilipoiona ile picha nilisimama. Hizo ni za studio. Ukizileta huku unarudi na pikipiki."

Gervas akaliweka tofali chini taratibu.

"Hajui!" Emilian akapaza sauti, maana aliyefunika masikio hujibu kama yuko ng'ambo ya ziwa. "Tena alikaa hapahapa kwenye kochi, anamwambia mwenzake ni takataka! Hizi unasikia mpaka nzi, Audax. Nikajikausha. Nikampa meza na miguu. Kichwa kiko uvunguni, Jumamosi nakipakia kwenye basi."

Miaka saba watu wamemlilia Emilian kwa masikio yake matupu, hakusikia. Siku aliyoyafunika, ndiyo akasikia. Gervas alitaka kulia, akaona aibu mbele ya maharage.

"Kitapata mteja haraka," mbu akasema. "Kama kile cha shemeji Yuster."

"Wee, punguza sauti!"

"Si uko na hedifoni? Nani atasikia? Kile kilitoka siku moja, Mwenyekiti. Si ndicho kilicholeta hili gemu?"

Mkono wa Yuster ulibaki hewani na harage moja. Kichwa cha cherehani yake kiliibwa mwaka jana yeye akiwa kanisani. Emilian mwenyewe aliitisha mkutano wa kumlaani mwizi, apofuke, akauke mikono, na Yuster aliitikia amina kuliko wote.

"Amina," akasema tena sasa, kwa sauti ndogo. Akaweka ungo chini, akaingia ndani.

Hakupiga kelele. Alimkaribia mumewe kwa nyuma, upande wa kushoto hasa, na Emilian, pamoja na hedifoni zake za kiongozi, hakujua ni kushoto. Akaushika waya akauchomoa.

Sauti iliyokuwa imebanwa kwenye waya ikarudi kwenye televisheni yote kwa pamoja. Bomu likalipuka, kuku wakaruka, na Audax wa Mwanza akatangaza kwa mtaa mzima:

"Na vile vichwa sita vya kina mama wa Kaniha unavileta lini, Mwenyekiti? Mteja anasubiri!"

Ilikuwa siku ya gulio, nao kina mama wa kijiji cha Kaniha, wanachama wa ushirika, walikuwa wanapita pale nje na matenga yao. Tenga moja likasimama, na matenga mengine yakagongana nyuma yake. Mwenye tenga la mbele, Niragira, akachungulia mlangoni.

"Hodi, Mwenyekiti. Hivyo sita, na changu kimo? Kile ulichosema kiko kwenye ukaguzi?"

"Yuster, mke wangu," Emilian akasema, hedifoni zimemshuka shingoni, "huyo anaongelea mchezo. Ni mambo ya gemu."

"Mchezo nimeusikia," Yuster akajibu. "Shemeji Gervas! Uvunguni, mkono wa kulia. Chukua chako."

Gervas hakungoja kikao. Akapiga magoti chumbani kwa Mwenyekiti, akakivuta kichwa kilichofungwa shuka, akakifungua kidogo. Kilikuwa chenyewe, kina ule mkwaruzo pembeni wa siku Kanyange alipomrushia mkasi akamkosa. Akakaa nacho sakafuni kwa muda, kisha akainuka akishikilia kimeza cha kitandani.

Sebuleni alimkuta Emilian amezingirwa na matenga, anaeleza maana ya neno "uangalizi". Hedifoni zilikuwa mkononi mwa Yuster. Gervas, ambaye sasa alikuwa ameelimika kuhusu bei ya vitu vya studio, akakohoa kwa heshima.

"Shemeji, kwa kuwa biashara imevunjika, na hizo hedifoni zangu basi..."

Yuster akazigeuza, akazitazama zile nyavu, akasikitika sana.

"Hizi? Zimetoboka mgongoni, shemeji. Takataka. Si ulisema mwenyewe? Niachie tu nikazitupe Mwanza. Nikirudi nitakuwa na kichwa cha cherehani."

Miaka thelathini ya stendi, Gervas hakuwahi kuuziwa namna hiyo. Akamwamkia shikamoo, yeye aliyemzidi Yuster miaka kumi na mbili, akatoka na kichwa cha cherehani begani.

Nyumbani alikipachika mezani, akakitia mafuta, akavuta kiti cha Kanyange. Kushona hakujui. Akakanyaga tu. Mashine ikakoroma, ikakwama, kisha ikachachamaa kwa kasi, ke-ke-ke-ke-ke, bila kupumua, mlio uleule wa jioni zote za ndoa yake: umetoka wapi, na hiyo saa mfukoni ni ya nani?

Gervas akaacha kukanyaga. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa saa ya Emilian, iliyokuwa juu ya kimeza cha kitandani, akaiweka juu ya cherehani.

Hakuwa na nia ya kuirudisha. Ila marehemu asije akasema amefichwa.