Najifunza Alhamisi, Nafundisha Jumamosi

Alhamisi, 5 Juni

Somo langu kwa Mzee Nyuzi. Saa kumi kamili, chumba chake cha nyuma, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi. Leo kanionyesha namna ya kubana nyuzi tatu kwa pamoja bila gitaa kulia kama bawaba kavu. Mwezi wa pili sasa, nimetazama kila kitu. Kila kitu! Kabla ya kuanza anainua bega la kushoto. Kabla ya kiitikio anakohoa, kikohozi kimoja kifupi. Na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto anakikunja ndani ya kiganja, hakigusi uzi hata mmoja. Mabingwa wana siri zao. Hasemi, nami siulizi. Mtu akiuliza sana anaonekana hajui.

Jumamosi nitayafundisha hayo yote. Ndio mradi wenyewe, na nasema bila kujisifu (najisifu kidogo) kwamba ni mradi safi. Wafanyabiashara wote hununua jumla wakauza rejareja. Mimi nanunua somo moja la mtu mmoja, kisha naliuza kwa watu kumi na mmoja, watoto kwa wakubwa, katika ukumbi mdogo nyuma ya duka la dawa. Hawajui kwamba mwalimu wao amewatangulia siku mbili tu. Wazazi wanaamini nilisomea muziki ng'ambo. Sikudanganya. Nyumba ya Mzee Nyuzi iko ng'ambo ya barabara kuu.

Mke wangu anajua. Wakati wa chakula kaniita Profesa, halafu kanikumbusha mapatano. Onyesho la mwisho wa muhula ni tarehe 21. Wanafunzi wakijiandikisha tena, naendelea na muziki wangu. Wasipojiandikisha, naenda kwa shemeji, kaka yake, kuuza vigae. Shemeji keshanitengea koti la kazi. La kijivu! Mimi, mtu wa sanaa, nikae nahesabu vigae vya chooni!

Jumamosi, 7 Juni

Darasa. Nikainua bega, wote wakainua. Nikakohoa, wote wakakohoa. Mlinzi wa benki, jitu la miraba minne, alikohoa mpaka vioo vikatikisika. Raha iliyoje kuwa mwalimu.

Huyo mlinzi anafanya mazoezi kwenye kibanda chake cha getini. Anataka wimbo mmoja tu, ampigie mkewe siku ya kumbukumbu ya ndoa yao. Lakini uzi wake wa tatu unagoma kulia. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama pengine yeye hana kipaji. Nikamwambia kwa upole kwamba kipaji ni majaliwa, hakuna wa kulaumiwa. Akanishukuru sana, maskini.

Na sasa yule mtoto. Ana miaka minane, hana meno mawili ya mbele, na nimempa jina la Kwanini kwa kuwa hajui neno lingine. Kwa nini tukunje kidole? Nikasema ni sayansi. Sayansi gani? Ya vidole. Na kwa nini tukohoe? Kutoa hewa chafu. Na hewa safi inaingilia wapi? Nikatangaza mapumziko.

Wakati wa mapumziko nikamkuta kajificha nyuma ya mlango, kidole kakikunjua, anajaribu nyuzi peke yake. Sauti ilikuwa tamu ajabu. Nikamnyang'anya gitaa. Nidhamu kwanza.

Jumanne, 10 Juni

Balaa. Mama Kwanini, ambaye kwa bahati yangu nzuri ndiye mwenyekiti wa wazazi, kapiga simu. Kasema onyesho bila mgeni rasmi halinogi. Kasema ameshampata: mpiga gitaa mstaafu, mzee mtaratibu, watu wanamwita Mzee Nyuzi. Nikakaa chini. Hapakuwa na kiti.

Nikamwambia nasikia mzee huyo ni mgonjwa, hatoki kitandani. Akasema amempita asubuhi hii, mzee kabeba mtungi wa gesi begani. Nikasema basi watu wa aina hiyo ni ghali. Akasema mzee amekubali kwa soda. Kuna watu wanashusha hadhi ya sanaa bila hata kujua.

Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama koti la kijivu litahitaji kupunguzwa mikono.

Alhamisi, 12 Juni

Somo. Nimemkuta Mzee Nyuzi na furaha ya mtoto. Suti yake iko kwa dobi. Kasema tangu aache kupanda jukwaani hakuna aliyewahi kumwita mahali, na leo ameitwa na watoto. Akaniuliza kama namfahamu huyo mwalimu wao.

Nikasema namfahamu kwa mbali. Nikasema ni tapeli, mvivu, hajui kitu, anauza sura. Nilimsema huyo mwalimu mpaka nikaanza kumchukia mwenyewe. Mzee akanisikiliza, kisha akasema atakwenda hivyo hivyo, maana watoto hawana kosa.

Hapo ndipo akili yangu ilipochemka. Nikamwambia kwamba onyesho limesogezwa mbele. Si saa tisa tena, ni saa kumi na moja. Akashukuru, akaandika kwenye kalenda ya ukutani. Saa kumi na moja atakuta mfagizi na viti vilivyopandanishwa. Wakati mwingine najiogopa.

Jumamosi, 14 Juni

Mazoezi ya mwisho. Bega, kikohozi, kidole! Bega, kikohozi, kidole! Wote kama mtu mmoja, isipokuwa yule yule. Kwanini kasema kidole kikikunjwa kinamuuma. Nikamwambia basi hatapiga, atagawa maji. Akakikunja, machozi yakimlengalenga. Roho iliniuma. Mpaka chai ilipoletwa.

Mlinzi kaniambia anafikiria kuacha. Uzi wa tatu bado umegoma, mkewe ameanza kumwonea huruma, na ni bora gitaa ampe mpwa wake. Nikamsihi asubiri onyesho lipite kwanza. Mtu mwenye mwili kama ule anajaza jukwaa.

Ijumaa, 20 Juni

Shemeji kaja jioni, kaleta koti. Eti nilivae tu kwa kujaribu. Nikamwambia aje kesho aone watu wakigombea kujiandikisha. Akasema hawezi, anapokea mzigo wa vigae vya maua, nami nitavipenda. Mke wangu alikwenda jikoni kucheka. Mlango wa jikoni kwetu haufungi vizuri.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika yote kama yalivyotokea.

Saa nane na nusu nimeingia ukumbini. Mstari wa mbele, kwenye kiti cha katikati, ndani ya suti iliyopigwa pasi mpaka inang'aa: Mzee Nyuzi. Usingizi ulimruka tangu alfajiri kwa furaha, akaona aje mapema asaidie kupanga viti. Tangu saa sita yuko hapo! Aliponiona na gitaa mkononi alifurahi kweli. Akaniuliza kama na mimi nimejiunga na darasa hili. Nikasema ndiyo. Akaniuliza mwalimu yuko wapi. Nikasema anakuja. Wakati huo huo Mama Kwanini akanikaribisha kwenye kipaza sauti kwa jina la mwalimu wetu mpendwa.

Mzee alinitazama.

Nikawapa ishara waanze. Ningefanya nini kingine? Mabega kumi na moja yakapanda. Nikamwona mzee anasogea mbele kwenye kiti. Tukakaribia kiitikio. Vikohozi kumi na moja, kwa mpigo, safi kabisa. Mzee akajishika koo. Kisha akaona vidole.

Hapo alifanya jambo moja ambalo sikulitarajia. Aliuchukua mkono wake wa kushoto, taratibu, akauficha ndani ya mfuko wa koti. Alidhani tunamcheka. Suti yote ile, kuja saa sita, kupanga viti, halafu watoto wamsimange kilema chake mbele za watu. Nikaelewa kwa mara ya kwanza kwamba kile kidole ni kilema. Miezi miwili nakitazama!

Akasimama. Muziki ukafa. Akamwendea Kwanini, akainama, akamuuliza bila ukali ni nani aliyemfundisha kukunja kidole.

"Mwalimu," Kwanini akasema. "Alisema ni sayansi."

Mzee akainuka. Kisha akautoa mkono mfukoni, akauinua ukumbi mzima uone.

"Hiki kilibanwa na mlango wa gari, mjukuu wangu. Hakikunjuki tena. Kingekunjuka, ningekitumia kila siku."

Akaongeza kwamba kikohozi ni vumbi, na bega ni uzee tu. Halafu mtu mmoja nyuma akaangua kicheko, na kicheko hicho nakijua, nimekioa.

Mlinzi hakucheka. Alikikunjua kidole chake polepole, akakiweka juu ya uzi, akapiga. Uzi wa tatu ukalia. Akapiga tena, ukalia tena, sauti nene na safi ikajaa ukumbi. Mkewe alisimama kule nyuma, mkono mdomoni. Mlinzi mwenyewe akageuka kunitazama mimi.

"Nilidhani sina kipaji, mwalimu," akasema.

Basi. Hilo tu. Angenipiga ningeumia kidogo zaidi ya hapo, maana ana mikono mikubwa, lakini nisingeona aibu. Niliona aibu. Aibu ya kweli. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mzee Nyuzi akaniita mbele, akaniambia nipige kwa kidole kilichonyooka. Nikajaribu. Kidole kikakataa! Miezi miwili ya kukikunja, kimezoea, hakitaki kutoka. Watu wakavunjika mbavu. Mzee naye akacheka mpaka akakohoa, na wanafunzi wangu, kwa mazoea, wakakohoa pia. Kisha akanishika bega, akasema bila kejeli yoyote:

"Miaka yote niliyofundisha, sijapata mwanafunzi mtiifu kama wewe."

Jumapili, 22 Juni

Wote kumi na mmoja wamejiandikisha tena. Kwa Mzee Nyuzi. Ukumbi ule ule, saa zile zile. Kwa watakaotaka somo la peke yao, Alhamisi saa kumi ipo wazi. Najua ipo wazi.

Mzee alipita nyumbani baada ya chakula cha mchana. Hakunigombeza. Kasema nafasi yangu darasani ipo, bure, safu ya wanaoanza, na kidole changu kitakunjuka nikivumilia. Kasema pia kwamba Kwanini ameniwekea kiti pembeni yake, na ameahidi kwamba maswali yangu yote atanijibu.

Alipoondoka mke wangu akakaa karibu nami. Hakuniita Profesa. Kaniambia nikubali. Siku za kazi nikauze vigae, Jumamosi nikajifunze gitaa sawasawa, na walau mara moja katika maisha yangu nianze kitu nikimalize. Alinishika mkono, akawa anakinyoosha kile kidole taratibu huku anaongea. Nilikaribia kulia. Nikamwambia nitafikiria.

Nimefikiria. Mimi nikakae safu ya watoto? Nifundishwe na mtu asiye na meno ya mbele? Nimemtumia mzee ujumbe kwamba Jumamosi nina shughuli nyingi.

Jumatano, 25 Juni

Siku yangu ya tatu vigaeni. Koti linanibana kwapani. Shemeji ana tabia ya kutembea nyuma yangu akinyoosha maboksi niliyokwisha kunyoosha. Mchana wote nimeuza kigae kimoja, nacho kilikuwa na ufa.

Saa kumi hivi kaingia mama mmoja mwenye nyumba mpya, anachagua vigae vya bafuni. Mtu wa maneno. Kanieleza habari za fundi wake, za paa lake, na kwamba yeye na wanawe wawili wanatamani sana kujifunza fidla, lakini mji mzima kauzunguka kutafuta mwalimu wa fidla, hakumpata. Hata dada zake wawili wangejiunga. Hata jirani.

Nilikuwa nimeshika boksi. Nikaliweka chini. Nilimwona mke wangu akilini, nikamwona Mzee Nyuzi, nikamwona na mlinzi. Nikajiambia nyamaza, wewe mtu, nyamaza. Nikasikia mdomo wangu unamwambia kwamba amepata bahati kubwa, kwamba darasa la kwanza ni Jumamosi saa nne asubuhi, na aje na dada zake wote.

Kesho ni Alhamisi. Natakiwa nipate mtu wa kunifundisha kabla jua halijazama. Sijawahi kushika fidla, hilo nakiri. Lakini nimeulizia, na habari ni njema mno: fidla ina nyuzi nne tu. Gitaa lilikuwa na sita. Kazi imepungua kwa theluthi nzima.