Damu ya Panya Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Machi
Ubavu wa kulia unaniwaka moto tangu juzi. Ini! Nani anayelijua ini kunishinda mimi, fundi wa maabara ya ini miaka sita? Humu tunachunguza protini tunayoiita Breki. Ikitosha, ini linatulia. Ikipungua, ini linavimba na seli zake zinakufa. Hospitali siendi. Miwani, mwenzangu wa meza ya pili anayejaribu dawa yake ya ini kwa panya, atanitangaza mji mzima. Nimejitoa damu mwenyewe, nikaandika kwenye kichupa "Panya 14", nikakipenyeza kwenye mashine. Namba hiyo iko wazi, Ijumaa panya huyo alikuwa anakata roho, leo lazima keshakufa. Akili hizi!

Jumanne, 4 Machi
Panya 14: Breki karibu hakuna, seli zinateketea. Jamani, nimekwisha! Nimekaa stoo nikilia. Nyumbani nikamwonyesha mke wangu zilipo hati za nyumba. Akauliza nasafiri lini.

Jumatano, 5 Machi
Miwani anacheza maabara nzima. Eti kapata karatasi ya Panya 14: Breki tele, ini safi kabisa. Dawa yake imejibu! Profesa, mkuu wetu wa maabara, anataka kuutangazia ulimwengu kesho.

Karatasi ya pili? Nikakimbilia vizimba. Panya 14 yu hai, kajikunyata, manyoya yamesimama, hoi. Kumbe Miwani naye alimtoa damu Jumatatu, karatasi zetu zikapishana. Basi anayekufa ni panya, na ini safi ni langu! Mungu mkubwa! Nimemkumbatia mlinzi. Kanisukuma.

Alhamisi, 6 Machi
Kunyamaza nilitamani, nisidanganye. Lakini wagonjwa wangepewa dawa isiyofanya kitu kwa sababu ya damu yangu. Nimekiri. Profesa akasema nisiiguse mashine mwezi mzima. Halafu akauliza Jumamosi nilikula nini. Nikasema pilipili, kopo zima, nilikuwa nashindana na shemeji. Alicheka hadi akavua koti. Miwani hanisemeshi. Shauri yake, mimi nina ini!

Ijumaa, 7 Machi
Nimelala fofofo. Nimekula kama mtu wa kuishi. Kujipima kwa siri sirudii tena, naapa.

Ila kiuno kinanivuta tangu asubuhi. Figo hizo, hakuna kingine. Ghorofa ya juu kuna maabara ya figo, wanafuga sungura. Nimepanda kuchungulia. Sungura 9 anaonekana yuko taabani.