Kufungua Home ya Bableu ku Nyakasanza

Papa Chef wa quartier, bibi yako wa kwanza, na ule wa pili mwenye amekaa mbali kidogo. Monsieur mwakilishi wa mwakilishi wa autorité mwenye hakuweza kufika. Papa Padri, Papa Pasta. Bamama benye kuuzisha samaki ya Tchomia. Bamotari benye bamezima moteur na benye bamekataa kuzima. Na nyinyi batoto, bableu, ni kusema banafunzi benye bamemaliza sekondari na banaingia iniversite mwaka ya kwanza: jambo yenu! (Jambo mama.) Haisikilike. Jambo! (JAMBO MAMA PREZIDA!)

Miye Mama Pétronille, prezida wa heshima na wa maisha wa Komite ya Kupokea na Kuzoeza Bableu, niko na furaha mpaka miguu inavimba. Secrétaire wangu Gustave alinipatia karatasi ya hotuba, lakini miye sisomake, baba yangu alisema mutoto mwanamuke alime. Gustave, shika karatasi yako. Nitasema vile iko mu roho.

Mu cadre ya programme ya encadrement na intégration, phase ya kwanza, axe ya pili, komite yetu ilifanya réunion makumi ine na tisa, na mu kila réunion quatre-vingt-dix-neuf pour cent ya bamemba, ni kusema bote kasoro moja, balikuja, balikula, na ule moja mwenye alibakia alikuwa mugonjwa, tukamupelekea yake ku nyumba na soda juu. (Makofi ku viti ya mbele.)

Shida ya bableu tunaijua. Mutoto anapata diplôme d'État, banamumwangia poudre nyeupe ya furaha ku kichwa, avenue muzima inacheza, baba anachinja mbuzi, na yeye anafikiri masomo imeisha mu dunia. Kisha anafika ku auditoire, ile salle kubwa ya masomo: batu mia tano, viti mia mbili. Ku sekondari préfet, mukubwa wa masomo, alikuwa anajua jina yake mpaka na ya koko mwenye alizaa baba yake, lakini huku profesa hamujue, anasema yake mbio mbio na kutoka, kama mutu mwenye aliacha nyungu ku moto. Nani atamuamusha asubui? Hakuna. Nani atamupikia? Hakuna. Mujukuu yangu Trésor, wiki ya kwanza, alikula bugari mbichi, unga tu na maji ya baridi, akatuambia ile njo autonomie, kujitegemea. (Kicheko.) Hapana cheka, alilala lopitali siku mbili, njo nikamurudisha kwangu.

Njo tukasema: home! Nyumba kubwa ya kulala banafunzi, vyumba cent vingt, mia na makumi mbili, maji, courant ya umeme, bibliothèque, na salle moja ya kulilia kwa benye bamekumbuka mama yao. (Makofi.) Na ile home, batu ba Bunia, njo hii nyuma yangu, chini ya bâche ya bleu, hii turubai kubwa, na ruban, utepe ya kukata, mbele yake.

("Mama prezida, tunaingilia wapi?")

Ni nani? Aa, Christella. Batu, muangalie huyu binti mwenye matela yake ya kulalia ku kichwa. Ni mutoto wa kule Fataki, vita ilibafukuza, alisomea mu site ya badeplasé, ile kambi ya bakimbizi, usiku anarudilia masomo na torche ya telefone ya kuazima, akapata soixante-huit pour cent, makumi sita na munane ku mia. Famille yenye ilikuwa inamulalisha hapa mujini ilisema leo atoke, juu ya vile miye mwenyewe nilitangaza ku radio kusema home iko tayari. Masomo inaanza kesho saa mbili. Akikosa fasi ya kulala leo, anarudi mu site, na iniversite yake imeishia pale. Mumupigie makofi! (Makofi kidogo.)

("Asante mama. Lakini tunaingilia wapi?")

Mwanangu, weye umesoma, unakosa patience namna gani? Mulango ni question technique, mambo ya bafundi. Siye hatukuanza na mulango, tulianza na ruban.

("Mufunue bâche tuone!")

Ule ni Liévin, yeye pia ni bleu. Liévin, weye nilikupokea na hii mikono yangu siku mama yako alikuzaa, na ile siku pia ulikuwa unalalamika. Home ni kama bibi arusi, haionekanake mara moja. Miye nilipouzisha samaki ku soko, nilikuwa napanga bakubwa juu ya kitunga, badogo chini. Muteja anaona ya juu, anafurahi. Ile si uongo, ile ni planification. (Bamama ba samaki: "Eee, mama!")

Bableu! (Oyé!) Masomo! (Oyé!) Komite! (Kimya.) Komite! (Gustave: "Oyé!")

Mbele ya kukaa chini, nashukuru photographe, picha ilitoka muzuri sana. Nashukuru bafadhili, rapport yao ilienda tangu mwaka jana na mule ndani home ilishaka kumalizika, mpaka na rangi. Na zaidi ya bote namushukuru Papa Katsuva mwenye tanuru ya matofali, juu ya vile alikubali tuifunike ile tanuru yake na bâche mpaka midi, saa sita. (Kelele.) Hapana kunitazama hivyo! Matofali ni yake, muteja wake iko pale na camion anangojea kupakia. Gustave, fungua bâche. Batu, muachie camion njia.

Christella, sogeza matela. Christella! Unaikalia? Katikati ya njia? Na weye Mama Sandrine, na kitunga ya samaki, unakaa pembeni yake kufanya nini? Na nyinyi bamama bote? (Camion inapiga honi. Hakuna mwenye kusimama. Bamama: "Camion haipite mpaka mutoto aone fasi ya kulala!")

Papa Chef, sema neno. (Papa Chef anaangalia viatu yake.)

Sawa. Sawa! Atalala kwangu, mu chumba ya Trésor, Trésor atalala ku salon. Mpaka amalize, ee, nimesikia, mpaka amalize! Simama basi, mwanangu, leta ile matela. Asanteni kwa kunisikiliza. Gustave, andika mu rapport: mu vyumba cent vingt, moja imeshapata mutu.