Jemadari Wangu Hafi kwa Tatu

Jumatano, tarehe 4

Jana nimedhulumiwa na kipande cha plastiki. Jemadari wangu, shujaa niliyemlea tangu akiwa na rungu tu, kang'atwa na buibui. Shemeji, kaka wa mke wangu, karani wa mahakama na msimamizi wa mchezo wetu wa mezani wa mashujaa wa kubuni, akasema nijinusuru. Nirushe dadu la pande ishirini, nijumlishe mbili za ubavu wa Jemadari; nikifikisha kumi na nne, sumu haimwingii. Yaani dadu lenyewe lilete kumi na mbili kwenda juu. Nyuso tisa kati ya ishirini. Hata nusu haifiki! Nikapata tatu.

Mke wangu, mganga wa kundi, akamaliza dawa yake ya mwisho kumwokoa. Shemeji akanieleza kwa upole wa kikarani kwamba dadu halimjui mtu. Na Jemadari akifa, karatasi yake inachanwa. Narudi kuwa mwanagenzi mwenye rungu. Mimi? Niliyeanza ufundi wa kufuli kwa tupa ya kuazima? Sikubali.

Leo kibanda changu cha ufundi nimechelewa kukifungua. Funguo niliapa ziko mfuko wa kulia. Nikavunja kufuli langu mwenyewe, wateja wakitazama. Zilikuwa kushoto.

Ijumaa, tarehe 6

Nimetoboa dadu langu upande wa moja, nikatia kirisasi cha mshipi wa kuvulia, nikaziba kwa gundi na rangi. Moja inalala chini, ishirini inatazama juu. Mke wangu akauliza kirisasi cha nini. Nikasema naanza kuvua samaki. Akasema vizuri.

Huu si udanganyifu. Ni matengenezo.

Jumanne, tarehe 10

Joka! Likatema moto. Nikarusha: ishirini. Likapiga mkia: ishirini. Shemeji akakuna kichwa, mimi nikavimba. Nikatoa pete ya uchawi, ile ya kugeuza adui kuwa jiwe, nikanyanyua dadu. Shemeji akanizuia. Akasema anayejinusuru ni anayepigwa. Uchawi ni wangu, kurusha ni kwa joka. Sheria gani hiyo? Basi, ndiyo ileile iliyoniokoa mimi.

Kisha akanyoosha mkono.

"Shemeji, niazime hilo lako. Langu leo limechoka."

Ningekataa vipi? Akalirushia joka: ishirini, halikugeuka jiwe. Pete ina nguvu za mara tatu tu. Nikazimaliza zote kwa hasira. Ishirini. Ishirini. Joka likavuta pumzi, likatema tena. Langu likiwa bado kiganjani mwa shemeji, nikarusha la mke wangu. Nne.

Jemadari, majivu.

Mke wangu ndiye aliyechana karatasi, taratibu, kwa kufuata mikunjo. Akaninong'oneza: "Vipi mume wangu, samaki wanakula?"

Jumatano, tarehe 11

Shemeji amerudisha dadu na shukrani juu. Nimepiga hesabu upya. Dadu halikukosea hata mara moja. Kosa ni kuwa nalo moja tu! Leo nimetengeneza la pili, kirisasi upande wa ishirini, lilete moja daima. Hilo ni la kuazimisha. Rangi ileile, uzito uleule. Shemeji hatayatofautisha. Hata mimi siwezi.

Lakini mpango upo: la kwangu mfuko wa kulia, la joka kushoto. Mambo ya funguo yalikuwa bahati mbaya tu.

Mwanagenzi wangu ameshapewa rungu. Joka lijiandae.